Sarafu ya Dante ya "dhahabu" iliyofika Malindi: kisa kizima tangu mwanzo

Sarafu yenyewe ni hii: kiduara kinachokaribiana na shilingi ishirini yetu ya Kenya, kinang'aa manjano mbele na nyuma, kimelazwa kwenye kiboksi cha buluu chenye sponji na chini ya sponji kuna karatasi ya Kiitaliano iliyokunjwa mara mbili. Upande mmoja kuna mtu aliyevaa kanzu ndefu, kashika kitabu kilichofunguliwa, nyuma yake mlima, limeandikwa jina Dante Alighieri na miaka 1265 na 2015, na pembeni nyota 12 zimezunguka. Upande wa pili ipo ramani ya Ulaya na namba 2 kubwa na neno EURO. Hiyo namba 2 muishike vizuri maana kesi nzima imelala hapo.

Mwenye mali ni mama mmoja wa Malindi aliyefanya kazi za nyumba miaka mingi kwa mzee wa Kiitaliano. Kwa msiokuja huku, Malindi na Wataliano ni mambo ya zamani, tangu enzi za kituo chao cha kurusha roketi pale Ngomeni miaka ya 60, na mpaka leo utakuta muuza embe ufukweni anapiga Kiitaliano kuliko Kiingereza. Mzee huyo alipoamua kurudi kwao kwa sababu ya afya alimlipa mama haki zake, akamwachia friji, na siku ya kuondoka akamkabidhi kile kiboksi akamwambia ni kumbukumbu, ni mshairi mkubwa wa kwao, atunze. Mama akatunza kabatini kwenye leso.

Shida ilianza mwaka wa ada. Kijana wake akaifungua ile karatasi akaona mahali pameandikwa "oro" na "24", akagugo, akarudi na habari kwamba nyumbani kuna dhahabu ya karati 24, yaani dhahabu tupu isiyochanganywa. Ikatoka kwa kijana ikaenda kwa rafiki, ikafika kwa jamaa mmoja dalali wa viwanja ambaye, kama madalali wengi, huuza chochote kinachouzika. Dalali akapiga picha, akarudi baada ya siku mbili kwamba ana mteja Milano yuko tayari kutoa laki tatu taslimu, lakini mteja anataka cheti cha maabara kutoka Nairobi, na cheti ni elfu kumi na tano, na hiyo hulipwa kwanza. Mama akaenda kwenye chama akakopa. Pesa ziko mkononi, kesho yake asubuhi zinatumwa, ndipo kijana akanitumia mimi zile picha akiuliza tu kama laki tatu si bei ya kutupa. Mimi hukusanya sarafu za zamani, rupia za Mombasa na pesa za Sayyid Barghash na kadhalika, si mtaalamu wa Ulaya, ila ile namba 2 niliiona nikampigia mama hapo hapo nikamwambia mama yangu shikilia hiyo pesa usimtumie mtu, kwanza twende kwa sonara.

Sasa kwa nini namba 2. Nchi zinazotumia euro zina aina mbili za sarafu na zinatenganishwa na sheria. Kuna za matumizi ya kila siku, kuanzia senti 1 mpaka euro 2, na hizi za euro 2 nchi inaruhusiwa kubadilisha picha ya upande wake kuadhimisha jambo, ndiyo zile za ukumbusho unazoweza kurudishiwa chenji dukani. Halafu kuna za wakusanyaji, ndizo zinazotengenezwa kwa fedha na dhahabu halisi. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya 2012 inasema za wakusanyaji haziruhusiwi kubeba thamani ileile ya sarafu ya kawaida, na zinatakiwa pia zitofautiane nazo kwa mambo kama rangi, uzito na upana, ili mtu wa dukani asichanganyikiwe. Kwa hiyo sarafu yoyote iliyoandikwa EURO 2 haiwezi kuwa sarafu rasmi ya dhahabu. Haiwezekani kabisa, hata ing'ae namna gani. Italia ikitoa dhahabu inaandika euro 20 au euro 50 au thamani nyingine isiyo ya mfukoni. Ile ya 20 ina gramu 6.45 na ya 50 ina gramu 16.13, zote za dhahabu 900, yaani sehemu 900 kati ya 1,000, kama karati 21 na nusu hivi.

Hapo mtu angeweza kufunga faili. Lakini huwezi kumwambia mama wa watu "sheria ya Ulaya inasema" wakati anaona dhahabu kwa macho yake na laki tatu iko kwenye simu, anataka mizani. Na mimi pia nilitaka mizani, sifichi.

Sonara tuliyemwendea ni mzee ambaye kazi kairithi kwa babake, kibanda chake hakizidi upana wa meza mbili. Hakuuliza habari za Dante wala za Milano. Aliweka sarafu kwenye mizani ya kidijitali ikasoma gramu 8.5. Akachukua kirula cha chuma cha kupimia vipenyo, milimita 25 na kitu, karibu 26. Mimi nikamwambia rasmi ni gramu 8.5 na milimita 25.75, vipimo vya kila euro 2 iliyowahi kutengenezwa. Akatikisa kichwa tu. Akafunga sarafu kwa uzi, akaweka bilauri ya maji juu ya mizani, akaibonyeza isome sifuri, kisha akaininginiza sarafu ndani ya maji isiguse chini wala pembeni. Mizani ikapanda ikasimama karibu na gramu 1.

Mama akauliza maana yake nini. Mzee akamweleza vizuri kuliko ningeweza mimi: "Mama, maji yamesukumwa ya gramu moja. Kitu chako kina gramu nane na nusu. Basi ni kizito mara nane na nusu kuliko maji. Dhahabu safi ni mara kumi na tisa. Hii ingekuwa dhahabu, kwa mwili huu huu, mkononi ungesikia gramu kumi na tisa hivi." Akamwekea pete ya dhahabu kwenye kiganja kimoja na sarafu kwenye kingine ili asikie mwenyewe.

Kisha sumaku. Euro 2 ni sarafu ya vipande viwili, pete ya nje ni shaba na nikeli, rangi ya fedha, na duara ya katikati ni ya tabaka tatu, shaba-nikeli-zinki ya manjano juu na chini na nikeli tupu katikati kama kijazo cha sandwichi. Hiyo nikeli ndiyo inavutwa na sumaku, kidogo tu, katikati, na pete haivutwi. Waliibuni hivyo makusudi ili mashine za kuuzia soda na tiketi ziitambue. Mzee akapitisha kisumaku, pembeni kimya, katikati ikashika kidogo. Dhahabu haishikwi na sumaku, hilo hata watoto wa masonara wanajua.

Hakuisugua kwenye jiwe. Alisema akisugua ataondoa hiyo dhahabu kidogo iliyopo na mama atabaki na euro yenye kovu. Na dhahabu kidogo ipo kweli, hapo ndipo watu wengi huteleza, wanadhani jibu ni "feki". Si feki. Sarafu ni halali ya serikali ya Italia, ile ya mwaka 2015 ya miaka 750 tangu azaliwe Dante, picha yake imetoka kwenye mchoro wa Domenico di Michelino ulioko ndani ya kanisa kuu la Firenze, mji aliozaliwa, na herufi R ndogo unayoiona ni ya kiwanda cha Roma. Kampuni binafsi inanunua sarafu kama hizi, inazichovya kwenye dhahabu, inaziweka kwenye boksi zuri na kuuza kama zawadi. Na ile karatasi inasema hivyo hivyo wazi, sarafu ya euro 2 iliyopakwa dhahabu ya karati 24. Ile 24 ni ya ngozi, si ya mwili.

Ngozi hiyo ni nene kiasi gani? Karatasi haikutaja, kwa hiyo nilipiga hesabu kwa ukarimu. Uso wote wa sarafu, mbele, nyuma na ukingoni, unakuja kama milimita mraba 1,220. Ukiipaka dhahabu ya mikroni moja nzima (sehemu moja ya elfu ya milimita), na zawadi za namna hii mara nyingi hupakwa chini ya hapo, unapata kama miligramu 24. Yaani ili upate gramu moja unahitaji sarafu arobaini na kitu za namna hii, na uwe na njia ya kuikwangua bure. Kati ya gramu 8.5 za sarafu, dhahabu haifiki hata asilimia moja, haifiki hata theluthi ya asilimia moja.

Sasa niruhusuni nizunguke kidogo, maana kwangu hapa ndipo kisa kinanoga, na wengi wanaouza vitu vya Dante hawajawahi kumsoma.

Dante alizaliwa Firenze 1265, na Firenze ya wakati huo ndiyo ilikuwa mji wa dhahabu. Tangu 1252 walikuwa wanatoa florini, kisarafu cha gramu 3.5 hivi, dhahabu ya karati 24, upande mmoja ua la yungiyungi na upande wa pili Yohana Mbatizaji, na kilikubalika kwa wafanyabiashara kila pembe ya Ulaya na Mediterania kwa sababu moja tu, hakuna aliyehitaji kukipima mara mbili. Jina la mji lilikuwa ndani ya ile karati 24. Basi akatokea fundi mmoja, Mastro Adamo, akakaa kwenye ngome ya Romena, bonde la Casentino, mabwana wa pale wa ukoo wa Guidi wakamtuma atengeneze florini za kwao. Akafanya kazi safi, muhuri uleule, sura ileile, ila ndani akatia karati tatu za takataka. Karati 21 badala ya 24. Wakamkamata, mwaka 1281 wakamchoma moto akiwa hai.

Dante alikuwa kijana wa miaka 16 hivi wakati huo. Baadaye alipoandika Divina Commedia, shairi lake refu la safari ya motoni hadi peponi, akamweka huyu fundi motoni, mbali kule chini, shimo la kumi la duara la nane pamoja na wadanganyifu wa kila aina, kwenye wimbo wa 30 wa Inferno, sehemu ya shairi inayohusu motoni. Adamo amevimba tumbo kwa ugonjwa wa maji, ana kiu isiyoisha, anaota vijito vya Casentino vinavyoteremka milimani na hapati hata tone. Na bado ana kinyongo, anasema angewaona wale mabwana wa Guidi waliomtuma wakiwa pale pamoja naye asingebadilisha furaha hiyo hata na maji ya chemchemi ya Branda. Halafu anagombana na Sinon, yule Mgiriki aliyewadanganya watu wa Troya kuhusu farasi wa mbao, wanatupiana maneno kama wa stendi ya matatu, Sinon anamtia ngumi ya tumbo na tumbo linalia kama ngoma. Dante anasimama kusikiliza mpaka Virgilio, kiongozi wake, anamfokea kwamba kupenda kusikia matusi ya namna hiyo ni tabia ya chini. Ni sehemu ya kuchekesha na ya kutisha kwa pamoja.

Nikalinganisha na kiboksi cha mama. Florini ya Adamo ilikuwa dhahabu sehemu saba kati ya nane, ukiipata leo utacheza ngoma, na mwenyewe alichomwa. Sarafu ya mama haina hata theluthi ya asilimia moja ya dhahabu na inauzwa mchana kweupe, hakuna anayeshtakiwa. Tofauti si kiasi cha dhahabu, ni kile kilichosemwa. Adamo alitumia muhuri wa mji kusema karati 24 na haikuwa. Kampuni iliyochovya imesema imechovya. Inaudhi kwamba imesema kwa maandishi madogo kwenye karatasi iliyofichwa chini ya sponji, na boksi la buluu linasema kitu kingine kwa mdomo wa mbele, lakini kisheria imesema. Mimi binafsi biashara hii siipendi. Inaishi kwa watu wasiofunua sponji.

Na Dante mwenyewe na dhahabu walikuwa na ugomvi wa kweli. Januari 1302 wapinzani wake waliposhika mji walimhukumu kwa rushwa bila yeye kuwepo, faini lira 5,000 za florini ndogo na kutengwa, Machi wakaongeza kwamba akikanyaga Firenze achomwe moto. Hakurudi tena mpaka kufa, amekufa Ravenna Septemba 1321 na mifupa yake iko Ravenna hadi leo, Firenze wana kaburi tupu pale Santa Croce. Baraza la mji wa Firenze lilikuja kufuta ile hukumu mwaka 2008, mnaona haraka hiyo. Katika Paradiso, sehemu ya shairi inayohusu peponi, anaiita florini ua lililolaaniwa, limewapoteza kondoo na wanakondoo kwa sababu limemgeuza mchungaji kuwa mbwamwitu, anawasema mapapa na makadinali hapo. Mfalme wa Ufaransa Philippe naye anakula za uso kwa kuchakachua pesa. Halafu huyo huyo ndiye wanamchovya dhahabu na kumuuza.

Ila kuna sehemu moja zaidi nimeipenda. Wimbo wa 24 wa Paradiso, Mtume Petro anamfanyia Dante mtihani wa imani, na anauliza kwa lugha ya mtu wa fedha: aloi (mchanganyiko wa madini) na uzito wa sarafu hii tumeshavikagua vizuri, sasa niambie kama unayo kwenye mfuko wako. Dante anajibu ninayo, inang'aa na ni duara kamili, hata muhuri wake haunitii shaka. Aloi, uzito, muhuri. Yule sonara wa Malindi hajasoma hata mstari mmoja wa hiyo kitu na alifuata njia hiyohiyo, uzito kwanza, kisha aloi kwa maji na sumaku, na muhuri ndio ile namba 2.

Turudi kwa dalali. Nilimwambia kijana asimtukane wala asimwambie amegundua kitu, amwombe jambo moja tu: mteja alipe cheti mwenyewe, au dalali alipe, halafu zikatwe kwenye laki tatu. Mteja wa laki tatu hashindwi na elfu kumi na tano. Dalali kwanza akajibu kwa hasira kwamba hiyo siyo utaratibu, kisha akashusha ikawa elfu nane, kisha elfu tano ya "kufungua faili", kisha simu haishikwi. Sijui kama alikuwa tapeli tangu mwanzo au naye alikuwa amedanganywa na mtu wa juu yake, na kwa mama haileti tofauti. Ninachojua ni kwamba bei ilivyokuwa inashuka kila akibanwa, haikuwa bei ya maabara yoyote.

Kijana akauliza sasa ina thamani gani. Euro 2, basi. Na hata hiyo ni ngumu kuipata huku, maduka ya kubadilisha pesa kwa kawaida hayapokei sarafu za nje, ni noti tu. Mkusanyaji wa kweli naye ataikataa, maana zilitolewa kwa mamilioni, na kuichovya kumeiharibia uso wake wa asili, mkusanyaji anataka ilivyotoka kiwandani. Mtalii anayependa vitu vya boksi anaweza kutoa euro chache, na hapo mama aseme ukweli kwamba imechovywa, karatasi ipo. Ukitaka Dante wa bei rahisi na wa haki, euro 2 za kawaida za Italia tangu 2002 zina sura yake ya pembeni, ile aliyochora Raffaello, zinazunguka masokoni bure. Na anayetaka Dante mwenye madini ya thamani kweli atafute lira 500 ya mwaka 1965, ni fedha 835, gramu 11, ilitolewa kwa miaka 700 ya kuzaliwa kwake, hiyo hata kwa sonara ina bei.

Kijana alikuwa amemkasirikia yule mzee wa Kiitaliano, anasema amemchezea mamake. Mama mwenyewe akamtumia mzee ujumbe wa sauti, kwa kile Kiitaliano chake cha jikoni, akauliza kama alijua. Mzee akacheka akakohoa, akasema alinunua pamoja na gazeti, na alimwambia ni kumbukumbu, hakumwambia auze, yeye kwao ni Ravenna na akiwa mtoto walikuwa wanapelekwa na mwalimu kwenye lile kaburi. Mama akaridhika. Kijana hakuridhika sana.

Ile elfu kumi na tano mama aliirudisha kwenye chama jioni ile ile, mweka hazina akaguna kidogo lakini hakumkata riba, na ada ya kijana ilipatikana baadaye kwa kuuza friji.